Kabla Hujaizungusha Hemoglobini

Siku ile kitu pekee kilichozunguka ukutani kilikuwa kile kiduara cha kusubiri intaneti. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wa udaktari sitini hivi, nimeshawaahidi kwamba muda si mrefu wataiona kwa macho yao ile amino asidi moja inayoleta selimundu. Slaidi yangu ilikuwa na kiungo, kiungo kinaelekea kwenye tovuti, na molekuli yenyewe iko huko kwenye tovuti. Mtandao wa ukumbi ukagoma. Nikaunganisha bando la simu yangu, kiduara kikaendelea na safari yake. Sauti ikatoka viti vya nyuma: "Mwalimu, tuchoree tu ubaoni." Nikachora. Na mchoro ule wa chaki ukaeleweka kuliko nilivyotaka kukubali.

Tangu hapo, kabla sijahangaika kuweka molekuli inayozungushika ndani ya slaidi au hati, najiuliza kwanza: chaki itashindwa wapi? Isiposhindwa, naachana na mengine yote. Molekuli ya maji haihitaji kompyuta. Metani nayo ni nafuu uchomeke vijiti vinne kwenye kiazi, ukipitishe darasani kila mtu akishike.

Hemoglobini ya selimundu ni mahali chaki inaposhindwa. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo 4: miwili ya alfa, kila mmoja ukiwa na amino asidi 141, na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja. Kwenye selimundu kinachobadilika ni nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta. Asidi ya glutamiki, inayopenda maji, imeondoka. Valini, inayoyakwepa maji, imekaa mahali pake. Hadi hapo ubao unatosha. Kinachofuata ndicho kigumu. Valini ile imetokeza juu ya molekuli kama kipele, na molekuli ya jirani ina kishimo, pembeni mwake pakiwa na fenilalanini ya nafasi ya 85 na lusini ya nafasi ya 88. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, kishimo kinakuwa wazi, kipele kinaingia, na molekuli zinashikana moja baada ya nyingine mpaka unapatikana uzi mrefu unaoipinda seli nyekundu ya damu ikawa na umbo la mundu. Sasa jaribu kuchora kipele kikiwa ndani ya kishimo. Ukikionyesha kimoja, kingine kimejificha nyuma yake. Hapo lazima ugeuze.

Mfano huu una mizizi kwetu. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 matokeo ya kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, yakionyesha kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na selimundu kila mwaka. Mwanafunzi anayeiona valini ile leo atakutana na mgonjwa wake wodini kesho kutwa.

Malighafi ni ya bure. Benki ya Data za Protini, watu huiita PDB, ilianza mwaka 1971 ikiwa na miundo 7. Leo imevuka 200,000, na yeyote anaichukua na kuitumia bila kuomba kibali. Kila muundo una msimbo wa tarakimu na herufi 4. Hemoglobini ya kawaida isiyobeba oksijeni ni 4HHB. Ya selimundu ni 2HBS, na uzuri wake ni kwamba ndani ya faili moja mna hemoglobini mbili zilizogusana. Ukitaka molekuli ndogo, kama aspirini, kafeini au artemisinini, nenda PubChem upakue faili la SDF lenye umbo la pande tatu. Ila zingatia tofauti: miundo ya PDB imetokana na vipimo vya maabara, wakati maumbo ya PubChem yamekokotolewa na kompyuta. Andika hivyo chini ya picha yako, maana mtahini makini atakuuliza.

Halafu fanya jambo moja ambalo wengi hawajawahi kulifanya: fungua faili la PDB kwa programu ya kawaida ya maandishi, hata Notepad. Utakuta mistari na mistari inayoanza na neno ATOM, kisha namba, jina la atomu, jina la amino asidi, herufi ya mnyororo, halafu namba tatu zinazosema atomu hiyo iko wapi, kwa kipimo cha angstromu, yaani sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Basi. Rangi haimo. Tepe zile zinazojikunja haziko. Hidrojeni mara nyingi hazimo kwa sababu mionzi ya eksi haikuziona. Hata vifungo kati ya atomu vingi havikuandikwa, programu inavikisia kwa kupima umbali. Orodha ya atomu, na ni nyepesi: hemoglobini nzima haifiki MB 1.

Nimekaa hapo kwenye Notepad kwa makusudi, kwa kuwa kila njia ya kuweka molekuli ndani ya hati inafanya moja kati ya mambo mawili. Ama inabeba orodha hiyo ya atomu ikiwa hai, ama inabeba gamba lake tu. Ukilielewa hili, nusu ya maswali ninayoulizwa kila wiki yanajijibu.

PowerPoint inabeba gamba. Kuanzia toleo la 2019, na kwa wenye Microsoft 365, unaweza kuchomeka umbo la pande tatu ndani ya slaidi, na faili linalofaa zaidi ni la aina ya glb. Kulitengeneza, mimi hutumia ChimeraX, programu ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambayo kwa masomo na utafiti usio wa biashara hailipiwi. Unaandika open 2hbs, programu inaileta molekuli yenyewe kutoka PDB. Unaficha atomu zote, unabakiza tepe za minyororo, kisha unarudisha kama vitufe zile amino asidi chache unazozizungumzia: valini ya 6, fenilalanini ya 85, lusini ya 88. Mwisho save selimundu.glb. Kila kitufe kinajengwa kwa pembetatu nyingi ndogo ndogo. Ukiweka vitufe kwa kila atomu ya hemoglobini mbili, faili litanona na kompyuta ya ukumbi itatweta. Tepe kwa mwili mzima, vitufe kwa mahali pa hoja.

Likishaingia kwenye slaidi, PowerPoint haijui tena kwamba pale kuna chuma au valini. Inajua rangi na umbo, kama kinyago kisivyojua jina la mti kilikochongwa. Huwezi kubofya atomu ikakutajia jina lake, wala kubadili tepe ziwe vitufe katikati ya somo. Kwa hiyo majina yaandike wewe, kwa visanduku vya maandishi vya kawaida, na amua mapema unataka kuonyesha pembe zipi.

Na hapa ndipo PowerPoint inapoonyesha ustadi wake. Usitegemee kuizungusha kwa mausi mbele za watu. Mkono utatetemeka, molekuli itapinduka, na utatumia dakika 2 kuutafuta upande uliokuwa nao. Nakili slaidi, kwenye nakala igeuze molekuli na kuisogeza karibu, kisha weka badiliko la Morph kati ya slaidi hizo mbili. Ukibonyeza, molekuli inajigeuza taratibu na kutulia palepale ulipopataka. Mimi hutumia slaidi 4 za namna hiyo: hemoglobini mbili kwa mbali, mguso kwa karibu, mguso umegeuzwa robo mzunguko, kisha kurudi mbali. Bonyeza mara tatu, hadithi imeisha.

Swali ambalo watu husahau kumuuliza fundi wa ukumbi ni toleo la PowerPoint kwenye kompyuta yao. Kama ni la zamani, faili halitakataa kufunguka. Litaonyesha picha tuli mahali pa molekuli, na hutajua mpaka umesimama mbele. Nenda na kompyuta yako ikiwezekana. Isipowezekana, au kama unatumia WPS au LibreOffice, tengeneza video fupi ya MP4 na kuiweka kwenye slaidi. Katika ChimeraX unaandika movie record, kisha turn y 2 180, kisha wait 180, halafu movie encode na jina la faili. Nyuzi 2 mara 180 ni mzunguko kamili, na utapata video ya sekunde 7 hivi. Wapo watakaokudharau kwamba video siyo maingiliano. Waache. Video inafunguka.

Kwenye PDF mambo ni magumu zaidi, na nitakuwa mkweli: mimi nimeshaacha. Inawezekana, tena kwa muda mrefu sasa. Umbizo la PDF linakubali maumbo ya pande tatu ya aina ya U3D na PRC, na wanaoandika kwa LaTeX wana kifurushi cha media9 kinachoyapachika. Ukifungua kwa Adobe Reader ya kompyuta, ukaruhusu maudhui ya pande tatu kwenye ule utepe wa onyo wa juu, molekuli inazunguka ndani ya ukurasa na inapendeza. Lakini jiulize wasomaji wako wanafungua PDF kwa kitu gani. Wanaipokea kwenye WhatsApp, wanaifungua kwa simu. Au wanaifungua ndani ya kivinjari. Huko kote wataona picha tuli, na kama hukuweka picha nzuri ya kuanzia, wataona kisanduku kitupu. Isitoshe, maktaba nyingi za vyuo hupokea tasnifu kwa umbizo la kuhifadhia la PDF/A, na aina zake za kawaida haziruhusu maumbo ya pande tatu kabisa. Unaweza kuhangaika wiki nzima na kurudishiwa kazi dirishani.

Ninachofanya kwenye PDF ni hiki. Naweka picha moja safi, iliyochaguliwa pembe kwa makini, ikiwa na mishale na majina. Pembeni naweka msimbo wa QR unaoelekea kwenye molekuli hai, na chini ya picha naandika msimbo wa PDB. Anayesoma kwenye karatasi iliyotolewa fotokopi anaelewa kwa picha. Mwenye simu na bando anapiga msimbo na kugeuza mwenyewe. Na hata anwani yangu ikija kufa, herufi zile nne zitamfikisha kwenye atomu.

Anwani hufa kweli, na vyombo vya kuonyeshea hufa pia. Kuna walimu waliotengeneza masomo mazuri ya molekuli kwa Jmol ya Java, yakakaa kwenye kurasa zao miaka na miaka. Chrome ikaacha kuendesha programu-jalizi za aina ile mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017, na masomo yale yakageuka vibandiko vya kijivu. Waliotumia Flash walifungiwa duka mwisho wa mwaka 2020. Jmol iliokolewa kwa kuandikwa upya kwa JavaScript, ikaitwa JSmol, na waliokuwa wamehifadhi faili zao za atomu pamoja na amri zao walihama kwa siku chache. Waliobaki na bidhaa ya mwisho tu walianza moja. Kwa hiyo kila wasilisho langu lina folda pacha: faili la PDB, faili la maandishi lenye amri zote nilizotumia, na picha tuli yenye ubora wa kuchapishwa.

Njia ninayoipenda sasa ni ukurasa wa HTML unaojitegemea, kwa sababu huo unabeba orodha ya atomu ikiwa hai. Kuna 3Dmol.js, maktaba ya msimbo iliyotoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na kuna Mol*, ambayo ndiyo utakayoikuta ukifungua muundo kwenye tovuti ya PDB yenyewe. Kwa ukurasa mdogo wa somo, 3Dmol ni nyepesi na haikulazimishi uwe mtaalamu wa msimbo: kisanduku kimoja cha div chenye darasa la viewer_3Dmoljs, ukikiandikia data-pdb na msimbo wa molekuli, kinatosha kuanza. Msomaji anaigeuza kwa kidole, anaikuza kwa vidole viwili. Ukiongeza mistari michache, akigusa atomu inamtajia jina.

Lakini hapa ndipo nilipojikwaa mara ya pili, na nataka nikuepushe. Baada ya aibu ile ya ukumbini niliamua: safari hii kila kitu kwenye flashi, intaneti isihusike. Nikaweka ukurasa, maktaba ya msimbo, na faili la PDB, vyote kwenye folda moja. Nyumbani nikafungua. Kisanduku cheupe. Nikakagua majina ya faili, nikabadili herufi kubwa kuwa ndogo, nikazima kompyuta na kuiwasha, kisanduku cheupe. Kumbe kivinjari, kwa ajili ya usalama, hakiruhusu ukurasa uliofunguliwa kutoka kwenye flashi ujisomee faili jingine la data lililo kando yake. Maktaba ya msimbo ilipakiwa vizuri. Ni orodha ya atomu iliyozuiwa mlangoni. Dawa ni kuyanakili maandishi yote ya faili la PDB na kuyabandika ndani ya ukurasa wenyewe, kwenye sehemu iliyofichwa, kisha kuiambia 3Dmol isome kutoka humo. Msimbo wa maktaba nao ubandike ndani. Unapata faili moja tu la HTML lenye kila kitu, linalofunguka hata kijijini kusiko na mnara.

Faili hilo unaweza kulituma kwa WhatsApp kama hati. Waelekeze tu wanafunzi walifungue kwa kivinjari, maana baadhi ya simu huonyesha hakikisho bila kuendesha msimbo, na mtu anadhani umemtumia karatasi tupu. Wanaotengeneza slaidi kwa reveal.js au Quarto wana raha zaidi, kwa kuwa slaidi zao tayari ni kurasa za kivinjari na molekuli inakaa humo humo. Kwa wanaofanya uchambuzi kwenye Jupyter, py3Dmol inafanya kazi hiyo ndani ya daftari.

Mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa. Programu nyingi za molekuli huanza na mandhari nyeusi, nayo inavutia kwenye kioo cha kompyuta yako usiku. Kwenye projekta iliyochoka, ndani ya ukumbi wenye mapazia yasiyofunga, nyeusi inageuka kijivu na tepe zako zinapotelea humo. Weka nyeupe. Rangi nazo, kemia ina desturi yake: kaboni kijivu, oksijeni nyekundu, naitrojeni bluu, salfa njano. Usiivunje kwa ajili ya urembo. Pale unapochagua mwenyewe, kwa mfano rangi za minyororo, epuka kutofautisha kwa nyekundu na kijani peke yake, kwani wapo wasioziona tofauti, na duka la fotokopi litazitoa zote kijivu kilekile. Moja iwe nzito, nyingine hafifu.

Usiiache molekuli ikizunguka yenyewe mfululizo. Mtu anashindwa kusoma maneno pembeni mwake, kama runinga iliyowashwa kwenye hoteli unayokula. Ukitaka jicho lihisi kina, itikise kidogo kushoto na kulia, nyuzi 15 kila upande, kisha isimame. Ubongo unahitaji hicho kidogo tu kujua kipi kiko mbele na kipi nyuma.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye ukumbi uleule nikiwa na slaidi zangu za Morph, video ya akiba, na faili la HTML kwenye flashi. Mtandao ulikuwa umekatika tena, na safari hii sikuutazama. Slaidi zilipokwisha nikafungua HTML na kumpa mausi dada mmoja wa mstari wa mbele. Akaigeuza, akapita kile kishimo, akaenda upande wa pili, akarudi, akasimama. "Mwalimu, hii ni valini ya 6 pia, si ndiyo? Mbona yenyewe haijaingia popote?"

Swali hilo halikuwa kwenye slaidi zangu. Kila hemoglobini ya selimundu ina minyororo miwili ya beta, kwa hiyo ina vipele viwili, na katika uzi ule ni kimoja tu kati yake kinachoingia kwenye kishimo cha jirani kwa mguso wa namna hii. Nilimjibu hivyo. Kisha yule wa pembeni yake akauomba mausi.